Kibali cha Maji ya Chumvi na Sukari

Niliondoka kijijini kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa nyuma ya kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa kumi na mbili pamoja na picha. Kilieleza namna ya kumsaidia mtu anayeharisha asikaukiwe maji kabla hujamfikisha zahanati. Alikuja nacho Mzee Kabwe, mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, ambaye alipewa kambini na shirika moja, kisha akatufuata huku kumtafuta dada yake aliyeolewa kwetu. Miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa kila wiki na watoto mgongoni, na habari za kipindupindu zilikuwa zinashuka ufukwe mzima kijiji baada ya kijiji.

Kamati ya kijiji ilinipa kitabu nikisome kwa sauti, maana nilimaliza la saba na nasoma haraka kuliko katibu, jambo ambalo katibu hajanisamehe mpaka leo. Nikasoma. Maji safi yaliyochemshwa, lita moja. Sukari, vijiko vidogo sita, vya kufuta juu. Chumvi, nusu kijiko. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo, usiache, huku unampeleka kwa mganga wa zahanati. Nikafika jalada la nyuma: "Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili wala kusambaza sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini ya maandishi ya shirika."

"Simama hapo," akasema mwenyekiti wetu, Mzee Ntahondi. "Rudia."

Nikarudia. Watu wakatazamana. Neno "hairuhusiwi" tulikuwa tunalijua vizuri. Liliandikwa kwenye magunia ya unga wa wakimbizi, likaandikwa na kwenye maturubai. Siku chache nyuma polisi walikuja na boti wakawachukua wanaume watatu walioezeka mabanda yao ya dagaa kwa maturubai yale. Mmoja alikuwa shemeji yake mwenyekiti.

"Sehemu yoyote, wamesema," akaendelea Mzee Ntahondi. "Hata ukimwambia jirani, umesambaza. Zuberi, utakwenda mjini ukatuombee kibali. Mpaka urudi, kila mtu afunge mdomo."

Hakuna aliyebisha. Siku ile hapakuwa na mgonjwa hata mmoja kijijini, na mimi nilifurahi kwenda mjini bure.

Ijumaa alfajiri nilishuka ufukweni, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya shati. Nyumba ya mwisho kabla ya maji ni ya Yustina, mama yake Samweli. Yeye na mimi tulikuwa watani. Alikuwa anafagia, Samweli kajishikiza kwenye kanga yake.

"Mwakeye, bwana mkubwa," akanisalimu. "Nasikia unakwenda kuonana na wazungu."

"Mwakeye, Mama Samweli. Wananisubiri, wamechinja."

"Hebu niambie, kile kitabu kinasemaje? Wanasema kina dawa ya kuhara."

"Subiri kibali, mama. Unataka nifungwe kwa ajili ya chumvi yako?"

Akacheka, akanitishia ufagio. Na mimi nikacheka. Nikaingia kwenye boti.

Safari ya majini ilichukua saa tano. Boti yetu ilikuwa ya mbao, injini moja nyuma, dagaa wakavu katikati, abiria juu ya dagaa. Tulipita chini ya milima ya Gombe, na nahodha akasema sokwe wa kule wana daktari wao. Watu wakacheka, lakini mama mmoja aliyekuwa ametoka kuzika kijiji cha Kagunga hakucheka. Alisema tu, "Sokwe wana daktari," kisha akageuza uso kutazama maji.

Bandari ya Kibirizi, Kigoma, tulifika mchana, jua kali, dagaa wameanikwa kila mahali, wapagazi wanagombania mizigo. Mmoja alinivamia, "Lete mzigo, mshikaji!" Nikamwambia mzigo wangu uko kifuani na una uzito wa kurasa kumi na mbili. Akaniambia nipishe njia. Nikatembea kwa miguu hadi mjini, nikaikuta ofisi ya shirika, na mlinzi akiwa anafunga geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ijumaa tunafunga mapema. Njoo Jumatatu."

"Nimetoka mbali, mzee. Nataka sahihi moja tu."

"Sahihi moja ndiyo inayochelewa kuliko zote," akasema, akageuza ufunguo.

Usiku ule, Jumamosi na Jumapili nililala Ujiji kwa mama mdogo Tausi, mdogo wake mama. Alinipikia samaki aina ya migebuka kwa mawese, akaniuliza nina nini kifuani hata nalala nacho. Nikamwambia ni siri ya serikali.

"Serikali ikutume wewe, na kandambili za rangi mbili?" akasema. Nikala nikashiba. Jumapili jioni nilikwenda kutembea Bangwe kuangalia ziwa, nikawa nafanya mazoezi ya Kiswahili cha ofisini: naomba ruhusa yako tukufu, mheshimiwa. Nilikuwa najicheka mwenyewe. Siku zile mbili nazikumbuka vizuri, kwa sababu ya mambo niliyokuja kuyajua baadaye.

Jumatatu asubuhi nilikuwa getini kabla ya mlinzi. Mhusika alikuwa amekwenda kambini. Nikakaa kwenye ukuta hadi jua likazama. Hakurudi.

Jumanne saa tatu nikaingizwa kwa mhusika mwenyewe, Mama Lyimo, mtu wa Moshi, kaletwa Kigoma na kazi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na viatu vyake vilikuwa na matope mekundu ya kambini. Nikasahau mazoezi yangu yote ya Bangwe.

"Shikamoo, mama. Tunaomba kibali cha kitabu chenu."

Nikakitoa, nikamwonyesha mstari. Akausoma kama vile hajawahi kuuona.

"Mnataka kukinakili?"

"Kunakili na kugawa. Na kuambiana."

"Kunakili sawa, nitakuandikia. Msiuze, msibadilishe neno, jina la shirika libaki. Vitabu vyenyewe vimeisha, lakini tutakutolea nakala thelathini hapa hapa." Akaanza kuandika. Halafu kalamu ikasimama. "Umesema kuambiana?"

Nikamweleza. Mwenyekiti, maturubai, midomo iliyofungwa. Nilimweleza kwa mbwembwe, nikiigiza sauti ya Mzee Ntahondi, nikidhani atacheka.

Hakucheka. Akaweka kalamu mezani.

"Mdogo wangu, haya maneno yanahusu karatasi. Yanamhusu mtu anayetaka kukichapa kitabu. Tuliyaweka kwa sababu mtu alikichapa upya, akakosea vipimo, chumvi akaiandika mahali pa sukari, akakiuza sokoni. Chumvi nyingi ile inaua mtoto. Lakini sukari, chumvi na maji si mali yetu. Kuambiana hakuhitaji barua. Tangu lini mmenyamaza?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, Alhamisi hadi Jumanne. Sikupenda vile vidole.

Nikamuuliza jambo la mwisho, maana nilishaona tatizo lingine: kijijini hatuna kipimo cha lita. Akaniuliza tuna nini. Nikasema chupa za bia, hizo zipo hata kwa shehe. Akamtuma mlinzi alete moja, akaiosha, akamimina maji kwenye jagi lenye alama. Chupa mbili, lita moja, sawasawa.

"Kwenye karatasi usiandike chupa," akasema. "Karatasi iache ilivyo. Kwa mdomo waambie chupa mbili. Waonyeshe kwa macho." Kisha akapiga muhuri kwenye barua, akanipa mkono. "Wahi."

Jumatano niliondoka Kibirizi na boti ya kwanza. Nakala zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni na barua kifuani. Safari hii nilizungumza mimi. Nilisimama juu ya magunia nikawaambia abiria wote: chupa mbili, vijiko sita, nusu kijiko. Nikawataka warudie wenyewe, mmoja mmoja. Mzee mmoja alikosea, nikamwambia arudie tena. Nahodha akasema nimekuwa mwalimu. Nikamwambia bado, sina fimbo.

Alasiri tukatia nanga kwetu. Nje ya nyumba ya Yustina wanawake walikuwa wamekaa chini juu ya mikeka, na hakuna aliyenitania.

Mzee Kabwe ndiye aliyenifuata majini. "Samweli," akasema. "Alianza kuhara Jumamosi asubuhi, nasi bado tumefunga midomo. Tumemzika juzi. Na sasa dada yake mdogo ameanza."

Nikaenda moja kwa moja. Sikumsubiri mwenyekiti. Tukachemsha maji, tukayapooza, nikaomba chupa mbili. Yustina mwenyewe alipima sukari mbele yangu, akifuta kila kijiko kwa kidole, akaweka nusu kijiko cha chumvi, akakoroga. Nilikuwa namsomea, lakini nusu yake nilisema bila kutazama karatasi. Akamnywesha mtoto kidogo, akasubiri, akamnywesha tena. Mzee Kabwe akaenda kutafuta mtumbwi wa kumpeleka zahanati.

Katikati ya kumnywesha, Yustina akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Zuberi. Haya yote uliyajua Ijumaa, ulipopita hapa?"

"Niliyajua."

Akaendelea na kijiko. Nimezaliwa na mdomo mwepesi, na kila mtu ufukweni anajua hivyo, lakini siku ile nilichukua chupa nikaenda kuchemsha maji mengine.

Binti yule alipona. Sasa anasoma, na anapima chumvi vizuri kuliko mimi. Mzee Ntahondi alisimama mbele ya kijiji kizima akasema kosa lilikuwa lake. Nikasema na langu pia, maana yeye aliamuru, lakini mimi ndiye niliyeulizwa mlangoni nikajibu kwa mzaha. Nakala zile thelathini tulizigawa kwa kila shina la nyumba kumi, neno halikubadilishwa, jina la shirika likabaki. Nilijifunza kwamba kitabu cha mtu kina mwenyewe, na ni haki kumuomba. Maji ya kumpa mtoto hayana mwenyewe.

Barua ya Mama Lyimo bado ninayo, muhuri wake haujafutika. Niliitunza nikijua ipo siku polisi au afisa atakuja kuiulizia. Miaka imepita. Mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyeomba kuiona.