Waliuza Safari ya Hawaii kwa Sauti ya Marehemu

Mume wa Fébronie alifariki miaka mitatu iliyopita.

Jumamosi moja mchana, akamsikia anaongea ukumbini Rissne, pembeni mwa Stockholm.

Si ndoto, si mzimu. Sauti yake kabisa, inatoka kwenye spika mbili zilizowekwa karibu na meza ya kahawa, inawafundisha watu namna ya kununua zawadi Hawaii.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Fébronie ni Mrundi, anakaa hapo hapo Rissne na binti yake Raïssa. Mumewe aliitwa Herménégilde, ila wote tulimwita Mene. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ndege kule uwanja wa Arlanda. Moyo ulimsimama akiwa kazini, akafika hospitali keshakata roho.

Mazishi yakapita, watu wakarudi makwao. Miezi michache baadaye Fébronie akaibiwa simu kwenye treni. Alipopata nyingine, jumbe zote za sauti za Mene zilikuwa zimeyeyuka.

Mwanzoni hakuona kama ni msiba mwingine.

Mpaka siku anamsuka Raïssa nywele, mtoto, aliyeachwa mdogo sana, akauliza baba alikuwa anaongeaje. Aliuliza kwa Kiswidi, maana Kiswahili anakielewa lakini kukijibu hataki. Sauti nene au nyembamba? Alikuwa anachekaje?

Fébronie akafungua mdomo amwigizie. Akashindwa.

Mtu umelala naye miaka yote hiyo, halafu sauti yake huwezi kuitoa kooni. Alimaliza kusuka macho yamejaa maji.

Kuanzia hapo akawa ombaomba. Kila aliyemjua Mene alimuuliza: una video yoyote? Una hata salamu za Krismasi? Watu walikuwa na picha. Sauti hakuna.

Mtu aliyemtegemea kuliko wote alikuwa Roméo.

Roméo na Mene walikua mtaa mmoja Bujumbura, wakaja kufanya kazi zamu moja Arlanda. Roméo anakaa Märsta, jirani na uwanja huo, na mkewe Phiona, Mganda, mama mpole asiye na makuu. Tena dada yake Roméo, Clementina, ameolewa Honolulu, na harusi hiyo ndiyo iliyowapeleka wanaume hao wawili Hawaii. Wake zao walibaki. Phiona alikuwa anasubiri kibali cha kuishi, akitoka nje ya nchi harudi. Fébronie alikuwa na mimba kubwa ya Raïssa.

Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye sauti ya Mene, ni Roméo.

Roméo akamwambia alibadilisha simu, vitu vyote vilipotea. Fébronie akamuuliza tena baadaye. Akamuuliza hata kanisani, mbele ya watu. Roméo akaweka mkono kifuani.

"Shemeji, ningekuwa nayo ningekunyima kweli?"

Fébronie akaamini. Angemtilia shaka vipi mtu aliyebeba jeneza la mumewe?

Sasa, hiyo safari ya Hawaii ilikuwa na donge lake.

Mene akiwa kule alimpigia simu mkewe, anacheka, anamwambia amempatia kitu ambacho akikiona atalia. Akarudi. Akasema zawadi iko kwenye begi la Roméo, ataifuata kesho. Kesho yake akaenda Märsta.

Akarudi na boksi la chokoleti. Zile za uwanja wa ndege, za kumpa mtu usiyemjua.

Fébronie hakuisahau. Mume kaenda mpaka katikati ya Pasifiki, mke ana mimba nyumbani, analetewa chokoleti! Wakigombana kuhusu vyombo, chokoleti inatajwa. Wakigombana kuhusu mama mkwe, chokoleti inatajwa. Mene alikuwa akiinamisha kichwa tu, anasema amekosa, basi yaishe.

Wiki ile ile aliyofariki, alikuwa amesemwa kwa ajili ya hiyo chokoleti.

Haya, turudi ukumbini.

Roméo alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kupeleka watu wa Afrika Mashariki matembezini visiwani, na safari ya kwanza ilikuwa Hawaii, kiangazi hiki. Fébronie alialikwa na Phiona. Roméo hakujua. Phiona alimwandikia mwenyewe kwa roho safi, akamwambia aje anywe kahawa, aone watu, asijifungie ndani.

Alifika amechelewa kidogo, akakaa nyuma. Ukutani kulikuwa na video ya bahari na milima ya kijani. Mezani mbele wamepanga vitu vya kuonyesha: kahawa, chumvi nyekundu ya kule, shanga za kokwa nyeusi, na kofia pana ya kusukwa.

Roméo akasema sasa msikilizeni mwongozaji wetu. Akabonyeza.

"Ukivishwa shada la maua, usilivue mbele ya aliyekuvisha. Ni kama mtu akupikie halafu umwage anaona. Mawe ya volkano yaacheni pale pale, wenyewe hawapendi yachukuliwe. Ukialikwa kwa mtu, usiende mikono mitupu, na viatu vua mlangoni. Na zawadi, jamani, achaneni na yale maduka yenye mataa, vile vitu vimetoka viwandani huko nchi nyingine. Nenda sokoni, mtafute anayesuka mwenyewe. Kaa naye. Muulize jina lake. Siku unampa mtu zawadi, umwambie ni nani aliyeisuka."

Halafu kicheko. Kile kicheko kinachoishia kwenye kikohozi.

Watu wakatabasamu. Mmoja akaandika.

Fébronie alisema baadaye kwamba kwa muda mfupi alifurahi. Alifurahi kweli, kama Mene kapiga simu. Halafu akamwona Roméo amesimama pale mbele na shati la maua, anaitikia kwa kichwa sauti aliyosema hana.

Ndipo damu ilipompanda.

Alitembea katikati ya viti mpaka mbele, akachomoa waya wa spika.

"Hiyo ni sauti ya mume wangu," aliwaambia watu. Kisha akamgeukia Roméo. "Uliniambia huna."

Roméo uso ulimshuka. Akamshika kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini watoke nje wazungumze kama watu wazima.

"Niachie mkono. Mtoto wangu hajui baba yake aliongeaje, na wewe unamfanyisha kazi marehemu. Weka yote niisikie."

Roméo akaanza kujikanyaga. Eti ni kipande hicho tu. Eti alikipata juzi. Eti vingine viko nyumbani na vimeharibika.

Phiona alikuwa amesimama kando na birika la kahawa. Masikini, hakujua kama Fébronie alikuwa akiitafuta sauti hiyo, wala hakuelewa mumewe anakwepa nini. Akasema mbele ya wote kwamba vyote vimo humo humo kwenye kompyuta, yeye mwenyewe ndiye aliyevihamisha kutoka simu ya zamani, bila hata kuvitazama. Akaweka birika chini, akarudisha waya, akafungua rekodi nzima.

Roméo akamwambia asifungue. Alimwambia kwa ukali, na Phiona akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Akafungua.

Mara hii ilikuwa video yenyewe. Mene yuko sokoni, jasho linamtiririka, ameshika kofia pana iliyosukwa kwa majani kama ya mkadi. Pembeni yake mama wa makamo amekaa kwenye mkeka anacheka.

"Hii ni ya Fébronie," Mene anasema. "Ameisuka huyu mama, anaitwa Puanani. Tumekaa naye tangu asubuhi. Nimemwambia mke wangu ana kichwa kikubwa na hasira nyingi, akaipanua. Roméo, begi lako gumu, nibebee. Ikipondeka tutakosana."

Na sauti ya Roméo, nyuma ya kamera, inaitikia: usijali, kaka.

Watu wote wakageuka kutazama meza.

Kofia ilikuwa pale. Ile ile. Imechakaa kidogo ukingoni, kwa sababu Phiona ameivaa miaka yote. Aliivaa kwenye harusi za watu. Aliivaa kanisani. Aliivaa siku wanamzika Mene, jua lilikuwa kali, na Fébronie alisimama pembeni yake kaburini.

Phiona aliongea taratibu sana.

"Roméo, si uliniambia ulinichagulia wewe?"

Roméo akakaa kwenye kiti.

Yote yakatoka hapo. Alirudi kutoka Hawaii hajamletea mkewe chochote, alisahau. Phiona, ambaye alikuwa amebaki peke yake wiki zote anangoja kibali, alifungua begi, akaona kofia juu, akaruka kwa furaha, akalia. Roméo akanyamaza. Mene alipokuja kuifuata, akamkuta Phiona ameivaa jikoni. Roméo akamvuta nje akamsihi amsitiri, ndoa yake ilikuwa inayumba.

Mene akamsitiri. Akapitia dukani, akanunua chokoleti, akaenda nyumbani kusemwa.

Na video zile zilifichwa kwa sababu hiyo tu. Kofia.

Fébronie aliyasikiliza yote. Watu walidhani amepoa. Hakuwa amepoa.

"Nilimsema mume wangu mpaka anaingia kaburini," alisema. "Ulikuwa unakuja kwangu unakula, unanisikia namsema mezani, unamtazama anainama. Ulikuwa unatafuna."

Phiona aliichukua kofia akampa kwa mikono miwili. Fébronie akaipokea. Hakumwambia baki nayo. Ilikuwa yake. Ila alimshika Phiona bega kabla ya kuondoka, kwa sababu siku hiyo wote wawili walikuwa wamenyang'anywa.

Jioni hiyo hiyo Phiona akamtumia video zote. Safari ya Hawaii haikupata hata mtu mmoja.

Wiki mbili baadaye Roméo akaja mlangoni na mzee wa kanisa, Mzee Jean-Bosco, kuomba radhi. Fébronie akawakaribisha, akawapa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Mzee akamwomba asamehe kama Mene alivyofanya.

"Mzee, Mene aliifunika aibu ya rafiki yake. Sikatai. Lakini huyu alimnyima mtoto sauti ya baba yake ili aibu yake isionekane. Hilo Mene hakulisamehe, maana hakulijua. Mimi bado."

Wakanywa chai wakaondoka. Mpaka leo ni bado.

Raïssa aliletewa video Jumapili moja baada ya chakula. Aliitazama, mkono mdomoni. Karibu na mwisho Mene anaisogelea kamera na kusema kuna mtu tumboni huko Stockholm, anamsalimia, na akikua atamleta hapa.

Mtoto akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akasogea karibu na simu.

"Sawa, baba," akajibu.

Kwa Kiswahili.

Ndugu yangu unayesoma hapa, fungua simu yako sasa hivi. Kama humo kuna sauti ya mtu aliyekwisha kwenda, ipeleke kwa watoto wake leo, hata kama ni salamu tu, hata kama nyuma inasikika aibu yako. Na kama kuna mtu anabebeshwa lawama zako, nenda kaseme kabla hajafa. Ukichelewa, utakwenda kusema kaburini, na mjane hatakuja kukusikiliza huko.