Mfano wa Neno Mto

Mpaka leo nikisikia watu wakiimba maneno ya Kiingereza kwa pamoja, damu inanichemka.

Nilijifunza Kiingereza huko mtaa wa Kilibula, jioni, kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Mwalimu aliandika neno ubaoni, chini yake maana kwa Kifaransa, chini yake mfano mmoja. Tuliimba vyote vitatu bila kupumua mpaka vikagandana, ukigusa neno moja mengine yanakuja yenyewe. Siku ya neno "river" mfano ulikuwa "the river is calm and beautiful", yaani mto umetulia na unapendeza. Nikainua mkono. Nikasema mto wetu wa Mulongwe ulishuka na mawe, ukabeba nyumba ya mama yangu mdogo pamoja na mtoto wake, kwa hiyo nina mfano mwingine.

"Weye, uko unaleta kilio mu klasi?" mwalimu akasema. "Mufano iko ya kujifunza, haiko ya kulia."

Wenzangu wakacheka. Wanasema aisifuye mvua imemnyea. Yule bwana alisifu mto bila kulowa hata kidole, na nilimchukia kwa hilo.

Miezi ikapita, wageni wa msaada wakaja mtaa wa Songo kusikiliza waliopoteza nyumba, wachague familia za kupewa kiwanja mbali na mto. Mama mdogo ndiye aliyenilea, na alikuwa bado analala kwa jirani. Nikamsindikiza. Mkalimani alikuwa dada mmoja tuliyesoma naye kwa mwalimu yule yule.

Mama mdogo hakuwahi kuongea juu ya mtoto wake, hata na mimi. Siku ile aliongea. Alisema mto ulikuja, mtoto alikuwa ndani, yeye akamkamata nguo, nguo ikabaki mkononi.

Zamu ikawa ya dada yule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutafsiri mbele ya wageni. Akafungua mdomo, akataja mto, na wimbo wote ukamtoka: the river is calm and beautiful.

Mgeni, mwanamke wa makamo, akatabasamu. Akamwitikia mama mdogo kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema.

Nilisimama nimefura. Kwa Kiingereza changu cha kuvunjika, na kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyotaka, nikasema mto uliua mtoto. Tabasamu likamwisha mgeni. Akaomba radhi, na nadhani aliomba kwa moyo. Lakini akasema hawezi kuandika familia yetu kwa maneno yangu. Lazima mama mwenyewe aanze tena, pole pole.

Nikamweleza mama mdogo. Nikamsihi, nikamkumbusha kiwanja. Yeye alikuwa ameshasimama, anafunga kitenge chake upya.

"Tuende, mwanangu," akasema. "Ile maneno miye nimeshaisema. Ule mugeni alicheka."