Tundu la Pili

Harufu ya mbao ya msaji iliyorandwa bado hunirudisha utotoni. Karakana ya baba ilikuwa mtaa wa Gurei, Juba, nyuma ya nyumba yetu, na mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili ilijaa pinde. Shule yetu ilikuwa imeanzisha timu ya kulenga shabaha. Mwalimu akaleta picha ya upinde wa mashindano, ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, na baba, seremala kutoka Uganda, akauiga kwa macho tu: mpini katikati, mabawa mawili ya kupinda, juu na chini, kila bawa limefungwa kwa bolti moja. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Juba, watu waliacha kumwita yule Mganda, wakamwita fundi. Alitembea kifua mbele, nami nyuma yake nikitamba.

Rafiki yangu Keji ndiye aliyekuwa hodari wetu. Ghafla mishale yake ikaanza kwenda kombo. Mwalimu alimgombeza kwamba mkono wake unatetemeka, naye akakubali. "Mkono yangu ndio mbaya," aliniambia. "Malesh, si kitu, nitazoea." Mimi sikuridhika. Nilichora mstari wa penseli kutoka kwenye mpini hadi kwenye bawa, nikamwacha apige mishale kumi. Mstari ukakatika, nusu yake imesogea pembeni. Bawa lilikuwa likizunguka kidogo kidogo kwenye ile bolti, na kamba ikisogea ukingoni mwa ncha. Lilihitaji tundu la pili na pini ya kulishika, basi.

Nilikwenda kumwambia baba. Nikamkuta akimwonyesha jirani kazi yake, anacheka. "Hii upinde iko kama ya Ulaya!" Nikafyata mdomo, nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake asubuhi Keji alivuta, kamba ikachomoka kwenye ncha, ikamchapa jicho la kulia. Jicho halikupona, na kila mtu alisema ni mkono wake.

Siku zile nilikuwa na baba wa kumlinda. Leo baba ni marehemu, pinde zile zilishageuzwa kuni, nami bado nimenyamaza, na ninajichukia kwa hilo. Wiki iliyopita nilimkuta Keji kwenye meza yake ya nyanya sokoni, binti yake akimlilia amruhusu kujiunga na timu mpya ya shuleni. "Wacha," Keji alimwambia. "Sisi mikono yetu haitulii. Uliza huyu, alikuwako."

Mtoto akanitazama. Nikasema, "Msikilize mama yako." Akainama, akaitazama mikono yake.