Baiskeli Iliyojibeba Yenyewe

Nakumbuka siku moja ya vita, treni zimekoma kufika mjini kwetu Kamina na kila mwenye baiskeli amegeuka gari la watu. Nilikuwa kijana wa sekondari, na baiskeli yangu nilikuwa nimeifungia kila kitu: keria ya vyuma, ndoano nne za madumu, sanduku la vipuri, hata turubai la kivuli. Labda nitabeba mahindi ya Kabongo, labda makaa ya Luena. Labda! Mpwa wangu, liogope neno hilo.

Asubuhi hiyo dada yangu Numbi, mama yako, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Nikampakia, nikasukuma kuelekea hospitali. Ng'ambo ya reli gurudumu likazama mchangani. Nilisukuma mpaka nikalia.

Papa Ilunga, fundi mstaafu wa mabehewa, akatoka kwake na spana.

“Weye, hii chuma yote iko ya kubeba nani?”

“Papa, minyi nilifikiri siku moja itasaidia...”

“Siku moja njo leo, ndiyo hii! Baiskeli yako inajibeba yenyewe. Fungua!”

“Mubishane tu,” mama yako akasema, “minyi nitazaa hapa.”

Tulifungua boliti moja moja, nyingine zimeshika kutu. Ukabaki ubao, kamba na mto wa kukalia. Baiskeli ikaenda kama imeitwa. Lakini jua lilikuwa limeshapanda.

Kwetu pacha wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Wewe ni Kabange. Tulifika hospitali tumechelewa: Kyungu alizaliwa, hakulia. Mama yako hajawahi kunilaumu. Ni miguu yangu tu ambayo tangu hapo haikai mji mmoja miaka miwili.

Jana ulinionyesha kiunzi chako cha kujengea tovuti. Kabla mtu hajaandika hata salamu, kimeshapakia mafaili chungu nzima. “Labda watayahitaji,” ukasema, nami nikashindwa kulala. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: wewe huusikii, ila yule wa Kabongo mwenye mtandao wa kusuasua atausikia.

Basi anza na ubao na kamba. Ongeza kitu siku kinapoitwa na kazi, si na hofu yako. Na ukikifunga, kifunge kwa namna ambayo mwingine atakifungua upesi bila kukutafuta.

Mungu akupe mikono inayojua kuacha, Kabange. Kila utakayempakia, umfikishe jua halijapanda.