Kapu Mbele ya Injini

Gari ya jipu ya bwana yangu aliyenioa ilikuwa imechoka kabla hatujaipata. Muzungu mmoja aliiacha Nchelenge vita vilipokwisha, ikapita mikono mingi. Shida yake ilikuwa joto. Ukikaa mbele, nyayo zinaungua. Bwana yangu alikuwa ametoboa matundu ubavuni mwa boneti, akaiinua kwa nyuma na vipande vya mti ili joto litoke, na bomba la petroli alilizungushia kitambaa cha maji. Kwa jipu ile alikuwa na subira. Mimi nilikuwa sina.

Mdogo wangu alishikwa na uchungu kule Kabuta, usiku kucha, mutoto amelala vibaya tumboni. Asubuhi wamama wazalishaji wakasema mikono yao imefika mwisho, apelekwe hospitali ya misioni. Tukamlaza nyuma ya jipu. Mama yetu akapanda naye, lakini kwanza alifunga mbele, pale upepo unapoingilia, kapu kubwa la samaki wabichi, akalifunika gunia lenye maji ili wasiharibike njiani.

“Hatuende kwa watu mikono mitupu,” alisema. “Nani atatupikia kule?”

Bwana yangu alitazama kapu, akatazama chini, akawasha injini.

Kwetu mukwe hasemi na mama mukwe, wala hamtazami usoni, wala hasemi juu ya vitu vyake, maana ni kumtukana, mpaka siku apikiwe chakula cha kumkaribisha ndani. Bwana yangu alikuwa bado kupikiwa. Mama naye alijifunika kitenge kichwani, akampa mgongo.

Hatujafika mbali, maji ya injini yakachemka. Akasimama, akafungua boneti, akangoja, akamwaga maji pole pole. Tukaenda. Yakachemka tena. Nyuma mdogo wangu analia, “Mama, ninakufa!” Mimi nakanyaga sakafu utadhani naendesha mimi.

“Mungu wangu, jipu gani hii! Fanya kitu, baba!”

Bwana yangu alikuwa ameinamia injini. Jasho linamtiririka. Akalowesha kitambaa cha bomba, akainua boneti zaidi. Kila kitu alikigusa, isipokuwa kapu.

Ilipochemka tena nikashuka mwenyewe, nimeshindwa kukaa. Nikaenda mbele, nikaona kapu na lile gunia vimeziba pua yote ya jipu. Nikaingiza mkono: samaki wa upande wa injini walikuwa wameiva. Nilikasirika sana. Nikakata kamba, nikamwaga samaki wote mchangani, mama akiniangalia. Bwana yangu aligeuza uso.

Injini ilipopoa tukaondoka, na haikuchemka tena mpaka hospitali.

Mdogo wangu alipona. Mutoto alikuwa wa kiume, na hakulia hata mara moja. Muuguzi akasema tumechelewa kidogo tu. Hilo “kidogo” lilinichoma moyo, na linanichoma hata leo.

Bwana yangu alikuwa amechutama kando ya jipu. Mama akatoka, akavua kitenge kichwani, akaenda kusimama mbele yake. Niliona aibu, nikataka kumvuta arudi.

“Mukwe wangu, ulijua ni kapu?”

Aliendelea kutazama chini.

“Nilijua, mama. Tangu tunaondoka.”

“Sasa si ungenitukana?” Sauti ya mama ikakatika. “Ungenitukana tu, mwanangu.”