Dakika Tano za Jicho la Kulia

Niseme mapema kwamba na mimi nilikuwamo. Kila Bibi Paskazia alipokuja Mabatini, mjini Mwanza, kutoka kijijini kwake Bujora, aliketi kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, akamvuta mjukuu wake Princess karibu na kumpapasa uso. Paji, pua, kidevu. Kisha aliwauliza wapangaji wote kwa pamoja, "Anafanana na nani huyu?" Nasi tukajibu kama wanakwaya kwamba ni mama yake mtupu. Mimi mwenye mdomo kuliko wote nikaongeza kuwa hata mwendo ni wa Modesta.

Ulikuwa uongo. Princess ni baba yake, Nathaniel, kuanzia masikio mpaka kidevu. Lakini ungemjibu nini mama wa watu? Modesta alikuwa binti yake wa pekee, na alifariki miaka sita iliyopita katika chumba cha pili kutoka changu, baada ya homa ya siku nne. Wakati huo mtoto wa jicho alikwisha kumfunika Paskazia macho yote mawili. Kwenye kuaga mwili nilimshika mkono mpaka penye jeneza, akainama muda mrefu, akaninong'oneza, "Mama Josephat, amelalaje?" Nikamwambia amelala vizuri. Alizika mwanawe bila kumwona.

Picha iliyobaki ni moja, ya harusi, na humo Modesta ameinamisha uso kama bibi harusi anavyofundwa, poda imemjaa hata mwenyewe alikuwa anaicheka. Nyingine zilikuwa kwenye simu ya Nathaniel, na hiyo iliibiwa stendi ya Nyegezi. Kwa hiyo Paskazia aliweka tumaini lake lote kwa Princess. Alisema siku akifunguliwa macho atamwona Modesta wake kwa huyo mtoto. Alilisema hilo kila alipokuja, na kila aliposema sisi tuliitikia.

Nathaniel ni fundi viatu, kazi yake anaifanyia hapo hapo barazani. Yeye ndiye aliyepaswa kumpeleka mama mkwe hospitali, na miaka ikapita anatoa sababu. Mara foleni ni ndefu, mara mvua, mara mtoto wa jicho hajakomaa. Nikamwona ana roho mbaya, na siku moja nikamwendea.

"Baba Princess, mwogope Mungu. Mama wa marehemu anaozea gizani."

Alikuwa anavuta uzi kwenye soli ya kiatu. Hakuinua kichwa. "Akifunguliwa jicho," akasema, "atamwona nani, Mama Josephat?"

Nikarudi kupepea mkaa wangu, maana nusu ya tatizo hilo niliitengeneza mimi.

Mwaka huu, mwezi wa nne, Paskazia alijikwaa kwenye mafiga kule Bujora akaungua mkono. Visingizio vikaisha.

Sasa, kuna jambo la kueleza. Paskazia ni Msukuma wa zamani, na Nathaniel amelelewa na watu wa aina hiyo hiyo. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, haketi naye, hali naye. Miaka kumi na minne hawa wawili walisalimiana ukuta ukiwa katikati. "Shikamoo mama," yuko nje. "Marahaba, baba Princess," yuko ndani, na mazungumzo yameisha. Hospitali tulikwenda hivyo hivyo: mimi nimemshika mkono mama, Nathaniel yuko hatua kumi mbele anauliza dirisha ni lipi.

Mara ya kwanza tulirudishwa kwa sababu presha ilikuwa juu. Nesi akasema chumvi ipunguzwe, na Paskazia akaninunia siku tatu kwa ajili ya dagaa wangu niliompikia bila chumvi. Mara ya pili presha ikakubali. Wakampima sukari, wakampima jicho kwa mashine, wakasema wataanza na la kulia. Tukaambiwa aogeshwe kichwa vizuri kabla ya siku yenyewe, kwa sababu baadaye maji hayatakiwi kukaribia jicho kwa muda. Nilimwosha nywele mwenyewe, uani, juani. Povu likiwa masikioni akaniuliza, "Hivi nywele za Modesta zilikuwa bado nyingi?" Nikasema ndiyo. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Upasuaji haukufika hata nusu saa. Alitoka na bandeji, analalamika kwamba walimkataza kukohoa na ndipo koo likaanza kumwasha kwa makusudi. Akalala wodini. Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda na Princess asubuhi. Nathaniel alikuja pia, akabaki koridoni.

Nesi akabandua plasta taratibu, akamfuta, akamwonyesha mkono. "Vidole vingapi, bibi?"

"Vitatu. Na kucha umepaka rangi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Kisha Paskazia akamgeukia Princess. Nilitazama sakafu. Nimeishi miaka hamsini na moja na sijawahi kuichunguza sakafu ya mtu namna ile. Nilimsikia akisema, "Sogea." Halafu, "Umekua, ng'wanone, mwanangu. Umekuwa mzuri." Sauti ilikuwa ya upole, kwa sababu mtoto hana kosa, lakini mimi namfahamu na niliisikia ikishuka.

Aliporuhusiwa tukatokea koridoni, Nathaniel hakuwahi kupisha. Kwa nukta moja tu walikutana uso kwa uso, naye Paskazia akauona uso wa Princess umesimama pale ukiwa umeota ndevu. Akavuta kanga akajifunika.

Jioni, tukiwa tumerudi Mabatini, nilimpelekea uji, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akaniambia niinuke.

"Mlinionea huruma," akasema. "Lakini mimi, Mama Josephat, nilikuwa namngoja. Miaka sita namngoja. Leo ndiyo amekufa."

Alilia kwa jicho la kushoto. La kulia alikuwa ameambiwa asililie, akajitahidi hata katika hilo.

Kisha zikaja dawa. Zilikuwa chupa mbili, mara sita kwa siku: tone la kwanza, ufumbe jicho dakika tano, ndipo tone la pili. Asiiname, asinyanyue ndoo, asikae penye moshi, asijisugue. Jumapili nilijaribu mimi. Tone la kwanza nililipeleka puani, la pili sikioni. Na siku za kazi mimi niko sokoni na dagaa wangu tangu alfajiri, Princess yuko shule. Aliyebaki nyumbani mchana kutwa ni mmoja tu, na wote tulimjua, na hakuna aliyemtaja.

Jumatatu nilirudi katikati ya asubuhi kufuata mizani niliyoisahau. Nikamkuta Paskazia kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekilaza nyuma. Nathaniel amesimama nyuma ya kiti, ili asiwe mbele yake. Yaani alikuwa anautazama uso wa mama mkwe wake ukiwa umepinduka juu chini, na nadhani walikubaliana bila kusemezana kwamba namna hiyo si kumtazama. Akavuta kope la chini kwa kidole, na kwa mkono uliozoea sindano ya viatu akaangusha tone moja, katikati kabisa.

"Fumba, mama. Dakika tano."

Nilikuwa mlangoni, mizani mkononi, na nilitakiwa kuondoka.

"Baba Princess," Paskazia akasema, amefumba.

"Naam, mama."

"Wewe ulimtazama miaka minane."

"Ndiyo, mama."

"Nieleze. Anza mwaka wa kwanza."

Nathaniel akaitazama saa yake ya mkononi. Kisha akasema kwamba mwaka waliohamia hapa Modesta alijigonga kwenye mlango wa kabati, akabaki na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto.

"Sikuwahi kuliona."

"Lilikuwa dogo. Akicheka lilikuwa halionekani."

"Alikuwa anacheka?"

"Sana, mama." Akaitazama tena saa. "Usilie, dawa itatoka."

"Silii. Endelea."

Basi ikawa hivyo, mara sita kwa siku, dakika tano kila mara. Bila dawa, mkwe hana sababu ya kusimama karibu na mama mkwe, na nje ya zile dakika waliendelea kusalimiana kupitia ukuta kama kawaida. Lakini chupa ikifunguliwa, Modesta anakuja. Nikiwa nyumbani siku za Jumapili nilisikia mengi. Nilisikia alivyokuwa anauma ulimi akitia uzi kwenye sindano. Nilisikia mashavu yalivyojaa alipokuwa na mimba, na shanga alizovaa ubatizo wa Princess, zikakatika kanisani, zikatawanyika mpaka miguuni mwa padri. Mimi niliishi naye ukuta mmoja na hayo sikuyajua. Nathaniel, mtu wa maneno kumi kwa siku, alikuwa ameyaweka yote, na miaka sita hakuna aliyemuuliza.

Kwa Princess bibi alituliza moyo. Alimtazama vizuri sasa, akaanza kumwita "Nathaniel mdogo," jina ambalo mama mkwe wa Kisukuma hapaswi kulitamka, na mtoto akalipenda. Ila kuna nyakati nilimwona ameishika ile picha ya harusi, anaigeuza juu chini, kana kwamba Modesta anaweza kuinua uso akishikwa vizuri.

Dawa zikapungua. Mara nne kwa siku, kisha tatu, kisha mbili. Sisi tulifurahi. Yeye aliilaumu saa, akisema dakika za Mwanza ni fupi. Wiki ya sita tukarudi hospitali, nesi akamulika, akasema jicho limepona na dawa ziachwe. Nikapiga vigelegele hapo hapo. Paskazia akavaa miwani yake ya jua akatoka kabla sijamaliza.

Nikamfungia kikapu cha safari ya Bujora: kanga mbili, sabuni, dagaa wenye chumvi kidogo. Alikuwa amekaa uani kwenye kile kiti. Barazani Nathaniel anagongelea kisigino.

"Mama Josephat," akasema, "nesi alisema la kushoto lini?"

Nilishangaa. Huyu alikuwa ameapa kwamba hakatwi tena na mtu yeyote, la kushoto afe nalo. "Mama, si unaona sasa?"

"Naona."

"Basi la kushoto la nini?"

Akageuza kichwa kuelekea barazani, kisha akakumbuka desturi, akatazama ukuta.

"Tumefika mwaka wa tano," akasema. "Bado mitatu. Nataka kufika mpaka siku aliyolala, nijue alilalaje."

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Nathaniel hakugeuka, na kiatu kilikuwa bado mapajani pake.

"Jumatatu nitakwenda kuandikisha jina, mama," akasema.