Godoro Lililotangulia Kalemie

Siku nilipopanda gari kwenda kuanza masomo Bukavu, godoro langu lilikuwa limekwisha fika Kalemie. Bukavu iko kaskazini ya Baraka, kwetu, na Kalemie iko kusini. Godoro lilisafiri kwa boti ya mjomba wangu, limekunjwa na kufungwa kamba ya nailoni, na ndani yake sufuria mbili na taa. Mimi nilisafiri kwa barabara, nimekalia mfuko wa unga wa muhogo, na mkeka mapajani. Mkeka huo ndio niliolalia mwaka wa kwanza.

Sekondari niliimaliza Fizi, juu kwenye vilima. Baba alikuwa muuguzi wa kituo cha afya upande ule, nami niliishi naye wakati wa masomo. Likizo nilishuka Baraka kwa mama, aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Kituo cha baba kilipokea akina mama wajawazito, na baadhi yao ilibidi wateremshwe hospitali ya Baraka, kwa pikipiki au kwa machela. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi wakati baba anaamua nani ashuke na nani abaki. Mara nyingine aliamua haraka. Mara nyingine alinyamaza, akamgusa mgonjwa tena tumboni, akanyamaza tena. Nilitaka kujua kile ambacho wakati ule yeye alikuwa hakijui. Hakuwahi kuniambia nisomee udaktari. Alinipa tochi tu, na mimi nikaona mengine.

Nilipopata diploma, maombi yalikwenda sehemu mbili. Baba alituma dosie yangu Bukavu, kitivo cha udaktari. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alipeleka nyingine Kalemie, kilimo, kwa sababu boti yake ilikwenda huko, alikuwa na chumba cha kupanga karibu na bandari, na alisema barabara ya Uvira, inayokwenda Bukavu, inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Hilo lilikuwa kweli. Alisema pia kwamba mtoto aliye Kalemie atakuwa mbele ya macho yake, na Bukavu hana mtu. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kalemie walijibu kwanza.

Katika ukoo wa mama, mtoto anayekwenda mbali haondoki bila maji ya mjomba. Jambo hilo hufanyika kwenye lubunga, kibanda kisicho na kuta ambamo wanaume wa ukoo hukaa kuzungumza. Cha kwetu pale Baraka kimeezekwa mabati. Mjomba hukaa kwenye kigoda. Hunywa maji, huyashika kinywani, kisha huyapuliza juu ya viganja vya msafiri na kutaja mahali anapokwenda. Lazima mahali patajwe. Msafiri huweka viganja kifuani na hanawi mpaka asubuhi. Anayesafiri haulizwi neno. Huitwa wakati kila kitu kimekwisha amuliwa.

Baba aliomba tungoje kidogo jibu la Bukavu. Mjomba alijibu kwamba mtoto anayengoja, nafasi yake hukaliwa na mwingine. Yeye ni mtu wa boti, na watu wa boti wana utaratibu wao: mzigo hutangulia, mwenyewe hufuata. Ukiona godoro la mtu limetandikwa chumbani, hutampangisha mwingine chumba kile. Boti ilikuwa imejaa na ilikuwa inaondoka. Basi nikaitwa lubunga, mjomba akapuliza maji, akasema, "Enda Kalemie, urudi." Kesho yake vijana wake wakabeba godoro mpaka ufukweni. Mimi nilipaswa kufuata safari ya pili, boti ikirudi.

Mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama na mjomba, ndiye pekee aliyecheka siku ile. Alisema kulima nimejua tangu sijaota meno, sasa huko Kalemie watanifundisha nini, muhogo wa Wazungu?

Boti ilikuwa bado haijarudi wakati simu ya baba ilipoita. Alikuwa kwenye kilima nyuma ya kituo, mahali mtandao unaposhika. Aliyepiga ni mtu aliyefanya naye kazi zamani, sasa yuko Bukavu. Jina langu lilikuwa limebandikwa kitivoni: nimekubaliwa. Ila uandikishaji ungefungwa mwisho wa juma, na asiyefika mwenyewe anaondolewa.

Baba alishuka siku hiyohiyo kwa pikipiki, akafika Baraka na matope mpaka kiunoni. Hakwenda moja kwa moja kwa mjomba. Mkwe hafanyi hivyo kwetu. Alioga, akabadili shati, akamtuma mama mkubwa aombe kikao.

Kikao hicho nilikiona chote, kwa sababu mara hii niliwekwa kwenye mkeka pembeni na hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Baba alikaa mwisho wa benchi, chini ya ukingo wa bati panapodondokea mvua, kama mkwe anavyokaa. Mjomba alikuwa hatua chache mbele yake. Lakini baba hakumsemesha yeye. Alimsemesha mama mkubwa aliyekaa katikati, kama desturi inavyotaka.

"Umwambie shemeji, Bukavu bamekubali mutoto."

Mama mkubwa aligeuza kichwa. "Anasema Bukavu bamekubali."

"Umwambie nimesikia," alisema mjomba. "Umwambie tena, maji nilishatoa."

"Anasema maji alishatoa. Munanifanya mi antene ya radio, na batu bote munasikilizana."

Wadogo wawili wa mjomba walicheka. Baba hakucheka. Alieleza, kupitia mama mkubwa, kwamba anaheshimu maji, na kwamba haji kuyafuta. Anaomba mjomba atoe mengine, ataje Bukavu, mtoto aende.

Mjomba alizungumza na mama mkubwa, ingawa macho yake yalikuwa kwa mama yangu, aliyesimama nje ya kibanda na beseni lake la sokoni. Alimkumbusha habari za mdogo wao, yule aliyewafuata kwa kuzaliwa. Alipewa maji ya Lulimba, na marehemu baba yao ndiye aliyeyapuliza. Alikwenda kutafuta dhahabu. Njiani akakutana na watu waliomwambia kuna machimbo mazuri zaidi upande mwingine, akageuka. Lulimba hakufika. Nyumbani hakurudi. Mpaka leo hakuna mtu aliyeona kaburi.

"Sikatai Bukavu," alisema mjomba. "Aende kwanza Kalemie, alale kwa godoro yake usiku moja, arudi. Akirudi, nitatoa maji ya Bukavu na mi mwenyewe nitamupeleka mpaka Uvira. Mi sitataja mahali pa pili wakati pa kwanza hapajafikiwa."

Kwa mtu asiyejua ziwa, sharti hilo lilikuwa dogo. Boti ya mizigo huondoka ikijaa na hurudi ikijaa. Kwenda, kulala na kurudi kungepita mwisho wa juma, na nafasi ya Bukavu ingekuwa imekwenda. Mjomba alilijua hilo kuliko sisi sote. Sidhani alilisema kwa hila. Kwa namna nilivyomwona, alikuwa mtu aliyeshika kamba moja na hakuona jinsi ya kuiachia.

Baba aliinama akakwangua tope kwenye kucha. Mkwe akisema mara mbili, ya tatu ni matusi. Ndipo mama mkubwa akanigeukia mimi.

"Na we, mudomo yako inauma? Unataka nini?"

Wale wajomba wadogo walitazamana. Halikuwa swali la mahali pale.

Nilisema, "Nataka kujifunza udaktari."

"Nimesikia," alisema mjomba. Safari hii alinijibu mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Lakini maji iko ya Kalemie." Akasimama, akachukua kigoda chake, akaenda zake. Kikao kikawa kimekwisha.

Siku iliyofuata hakuna aliyelizungumza. Baba alirudi Fizi, kituo hakikuwa na mtu. Kabla ya kupanda pikipiki alimwambia mama kwamba mjomba ni kaka yake, si wake yeye, na atakachoamua mama ndicho kitakachokuwa. Ilikuwa kweli, na pia ilikuwa njia ya kumwachia mzigo wote. Mama alikwenda sokoni kama kawaida, akauza kama kawaida. Jioni alirudi na ndagala kavu ambazo hakuziuza. Akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akazipima kwa mkono, akaongeza. Akatoa unga ghalani. Akakunja mkeka wa kitandani kwake. Nilimwuliza mkeka ni wa nini. Alisema Bukavu kuna baridi, na sementi yao hailaliwi tupu.

Asubuhi alinisindikiza mpaka mahali magari ya Uvira yanapojazia. Alikuwa ametoka kuosha samaki, na mikono yake ilikuwa na maji. Aliona naitazama. Akaifuta kwenye kikwembe alichojifunga, kiganja na mgongo wa mkono, kidole kwa kidole, kwa makini, mpaka ikakauka kabisa, ndipo akanishika bega. Hakutaka mtu yeyote aje aseme kwamba alinitilia maji asiyokuwa na haki ya kuyatia.

"Mi sina maji," alisema. "Enda tu."

Njiani, pale Mboko, gari lilisimama, abiria wanunue muhogo na dereva apakie samaki. Kandokando ya barabara alikuwa kijana mmoja wa boti ya mjomba, ambaye safari hii hakwenda na boti, amekuja kutembelea ndugu zake. Alinitazama juu ya mzigo, akatazama gari lilikoelekea, akanitazama tena.

"We si tulikupeleka Kalemie?"

Nilimwambia mlipeleka godoro.

"Godoro nilibeba na kichwa hii," alisema. "Iko inakungojea, na we unaenda kulala wapi? Mulima ya Bukavu itakukunja kama chapati." Watu waliosikia walicheka, nami pia. Kisha akatoa simu mfukoni, na gari likaondoka.

Kabla sijafika Uvira, mjomba alinipigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Aliuliza niko wapi. Nilimwambia. Akauliza kama dereva anaendesha vizuri, nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa. Godoro iko mahali pake," akakata.

Nilifika Bukavu kabla uandikishaji haujafungwa, na niliandikishwa. Masomo yalikuwa magumu kama walivyosema, na baridi ilikuwa kama mama alivyosema. Nilirudia somo moja mwaka wa kwanza na mengine mawili mwaka wa pili, nikaendelea. Sikuugua ugonjwa mkubwa. Barabara ilifungwa mara nyingi na kufunguliwa mara nyingi, na mjomba hakuwahi kupiga simu kusema kwamba alinionya.

Niliporudi likizo ya kwanza nilikwenda kumwamkia. Alinipa kiti, akaita watoto waniletee maji ya kunywa, akaniuliza habari za mwili wa mtu: kama ni kweli moyo uko katikati na si kushoto. Nilimweleza nilichojifunza. Alisikiliza vizuri. Nilipoondoka hakusema neno la safari. Kwa mama ilikuwa tofauti kidogo. Walisalimiana, walisaidiana kwenye misiba, lakini mama hakula tena kwenye nyumba ya kaka yake, na yeye hakumlazimisha. Mama mkubwa alisema wanasalimiana kama mufanyabiashara na mutu wa douane mpakani.

Chumba cha Kalemie mjomba aliendelea kukilipia. Vijana wa boti walilala mle walipofika, chini, kwenye magunia. Godoro halikuguswa. Wakimwuliza, aliwaambia lina mwenyewe, yuko njiani. Yule kijana wa Mboko ndiye aliyenihadithia hayo, na alisema kwamba mwanzoni walidhani ni utani.

Sasa niko mwaka wa mafunzo ya hospitali. Juma lililopita mama alinipigia simu. Mwenye nyumba wa Kalemie ameuza kiwanja, na mjomba anahamisha vitu vyake. Alikwenda sokoni mwenyewe, akasimama mbele ya meza ya mama, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu nilipoondoka, akamwomba aniulize: godoro lirudi Baraka na boti, au alitafutie chumba kingine hukohuko?

Mama alinifikishia swali hilo kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Nikisema lirudi, mjomba ataelewa kwamba maji yake hayatafikiwa kamwe, na mama ndiye atakayekuwa mbele yake siku ya kulipokea ufukweni. Nikisema libaki, nitakuwa nimeahidi kwenda. Nilimwuliza mama yeye anaonaje. Alisema yeye ametumwa tu, naye ni antene.

Nilimwambia nitampigia mjomba mwenyewe. Boti inapakia huko Kalemie, na bado sijampigia.